Saa 8 mchana iliyoandikwa 08:00: malalamiko kuhusu mapumziko yetu ya Singapore

Perth, Australia

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDAI KUREJESHEWA FEDHA ZA KIFURUSHI CHA SINGAPORE

Mimi na mume wangu tulinunua kwenu tiketi za kuja Perth kumwona binti yetu, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Pamoja na tiketi mkatuuzia mlichokiita kifurushi cha mapumziko ya Singapore: kupokewa uwanja wa ndege, gari na mwongozaji wa kututembeza mjini, chakula cha jioni cha halali, hoteli usiku mmoja, na gari la kuturudisha uwanjani alfajiri. Tulilipa dola 470 kwa watu wawili, taslimu, mezani kwenu. Risiti nimeiambatisha. Katika yote hayo tulichopata ni hoteli tu. Hoteli ilikuwa safi na wahudumu wake walitupokea vizuri, kwa hiyo hiyo siilalamikii.

Kwanza ujue kwa nini tulipitia Singapore, maana kijana wenu alitupa na njia nyingine iliyokuwa fupi zaidi. Mume wangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 31. Meli huandikwa kwenye tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, chini ya jina lake, bandari iliposajiliwa, na nyingi zilizofunga gatini mbele yake ziliandikwa SINGAPORE. Neno hilo amelisoma tangu hajanioa. Aliposikia kuna njia ya kupita huko na kukaa karibu siku nzima, aliniambia, "Mke wangu, hebu tukaone huko meli zinakotoka." Sisi tumeoana miaka 29 na hatukuwahi kusafiri wawili tu, bila msiba wala harusi ya mtu.

Ratiba mliyotuchapia ilikuwa na sehemu tatu: Masjid Sultan katika mtaa wa Kampong Glam, sanamu ya Merlion kwenye Marina Bay, na Marina Barrage. Hiyo ya mwisho ni lile bwawa la mlangoni mwa ghuba. Ukipanda juu ya paa lake lenye nyasi unaziona meli zimetia nanga baharini, zikisubiri zamu. Mume wangu aliipigia mstari kwa kalamu.

Tulitua Ijumaa, saa 8 kasoro dakika 10 mchana kwa saa za huko. Uhamiaji hawakutuchelewesha. Saa 9 kasoro robo tulikuwa nje, ukumbi wa kuwasili, na masanduku yetu mawili. Karatasi yenu ilisema tungepokewa "saa 8 mchana, dereva atashika kibao chenye majina yenu". Nilivisoma vibao vyote, kimoja baada ya kingine, nikarudi nikavisoma tena, mpaka wale waliovishika wakanizoea sura. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana na hawezi kusimama muda mrefu. Nilimkalisha juu ya sanduku, nikaendelea kutafuta jina letu.

Saa 10 nikawapigia. Kwenu ilikuwa saa 5 asubuhi, ofisi ikiwa wazi. Kijana aliyepokea alinisalimia vizuri, shikamoo mama, akaangalia kompyuta, kisha akaniambia, "Mama, mfumo unaonyesha mteja hakutokea." Nikamwambia mteja ndiye huyu anayezungumza, amesimama palepale alipoambiwa asimame. Akasema atanipigia baada ya nusu saa. Hakupiga. Saa 11 nikapiga tena, akapokea mwingine, na huyu ndiye aliyenijibu hivi: "Basi mama, hapo uwanjani kuna ziara ya bure ya mji, jiungeni na hiyo."

Ndugu Meneja, hapo ndipo nilipoumia. Nilipofika hotelini niliisoma habari ya ziara hiyo. Ni kweli ipo. Uwanja wa Changi huwatembeza bure abiria wanaounganisha ndege, wenye kusubiri kuanzia masaa matano na nusu hadi chini ya masaa 24, na huchukua masaa mawili na nusu. Lakini kujiandikisha ni ndani, kabla hujapita uhamiaji. Sisi tulikuwa tumeshatoka nje kwa sababu karatasi yenu ilituambia tutoke tukapokewe na dereva. Kwa hiyo ofisini kwenu mlijua kuna ziara ya bure, hamkututajia tulipokuwa tunatoa dola 180 za gari na mwongozaji, mkaitaja siku tuliyokuwa hatuwezi tena kuipata.

Na yule dereva alifika. Hili nataka ulisome kwa makini, kwa sababu "mteja hakutokea" mmeshaiandika tena kwenye barua pepe yenu ya Jumatatu. Usiku ule niliiandikia kampuni ya magari ya Singapore, na asubuhi wakanijibu kwa adabu wakiambatisha nakala ya oda mliyowatumia. Imeandikwa 08:00. Mtu wenu alichukua saa 8 mchana ya kwetu akaiandika kwa Kiingereza kama saa 8, yaani saa 2 asubuhi, wakati sisi bado tuko angani. Ilipaswa kuandikwa 14:00. Dereva alifika saa 2 asubuhi, akasubiri saa nzima ameshika kibao chenye majina yetu, akaondoka. Kwa kuwa iliandikwa kwamba hatukutokea, gari la alfajiri nalo likafutwa, na chakula cha jioni kikafutwa. Kosa la tarakimu mbili tu, na hakuna hata mmoja kwenu aliyejisumbua kuifungua oda na kuisoma nilipopiga simu, ingawa tulikuwa na mchana wote mbele yetu wa kulirekebisha.

Mimi nilikuwa muuguzi. Tulipokuwa tunakabidhiana zamu, saa ya dawa tuliandika kwa mfumo wa masaa 24 ili asitokee mtu akasoma saa 8 ya usiku kama saa 8 ya mchana. Ofisi inayouza safari kwa Waswahili na kuandikia watu wa ng'ambo haiwezi kuniambia kwamba hili ni jambo geni kwake.

Saa 11 na dakika 20 tulikata tamaa ya kusubiri. Tukaelekezwa treni. Getini mume wangu akazuiwa, kwa sababu kadi moja ya benki haipitishi watu wawili na sisi tulikuwa na moja tu, kwa hiyo ikabidi tumnunulie kadi ya treni dirishani. Tukabadilisha treni Tanah Merah, tukashuka Bugis. Kila ngazi nilikuwa nambebea sanduku lake kwanza, kisha narudi kuchukua langu. Hotelini tuliingia baada ya saa 12 jioni.

Masjid Sultan tulifika kwa miguu, adhana ya magharibi ikitoka. Nitaeleza kidogo ili ujue mlitunyima kitu gani, maana mwongozaji ndiye angetuonyesha. Baada ya swala mzee mmoja wa pale alimshika mume wangu mkono, akamwonyesha chini ya kuba la dhahabu ule ukanda mweusi unaolizunguka. Ukiutazama vizuri ni vitako vya chupa za kioo, vimepangwa safu kwa safu. Zilitolewa na Waislamu wasio na uwezo wakati msikiti unajengwa, ili na wao wawe na mchango wao. Mume wangu alisimama pale akizihesabu safu kwa kidole, kama alivyokuwa akihesabu magunia, mpaka giza likamzuia. Tulikula murtabaki mkabala na msikiti, karibu sawa na mkate wa nyama wa Forodhani, kwa fedha zetu, wakati chakula cha jioni tulikuwa tumewalipa ninyi dola 60.

Meli hakuziona. Usiku ulikuwa umeingia, goti limevimba, na saa 11 alfajiri tulitakiwa kutoka. Teksi ilitugharimu dola 34 za Singapore. Kwenye ndege ya Perth alipewa kiti cha katikati.

Kuna na jambo la kadi ya kuingilia. Kwenye risiti mmeandika "ada ya kadi ya Singapore, dola 35 kwa kila mtu". Kadi hiyo ni fomu ya mtandaoni ya uhamiaji wa Singapore, hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na tovuti yao wenyewe inatangaza kwamba haina malipo. Viza kwa safari fupi kama ile Mtanzania haihitaji. Kama dola 70 zilikuwa ujira wenu wa kutujazia, mngeandika ujira, nasi tungeamua kama tujaze wenyewe au tuwalipe. Mliandika ada. Ada gani, ya nani?

Ninachodai ni hiki: dola 180 za gari na mwongozaji, dola 60 za chakula, dola 70 za kadi, jumla dola 310, pamoja na dola 34 za Singapore za teksi na shilingi 46,000 za salio la simu nilizotumia kuwapigia. Nataka pia mfute kwenye kumbukumbu zenu maneno kwamba hatukutokea, kwa sababu si kweli. Pendekezo lenu la "punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo" tumelikataa sote wawili.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitapeleka risiti, ratiba yenu na nakala ya oda ya 08:00 kwenye Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Nakala zote ninazo.

Mwezi ujao tunarudi kupitia Singapore na tutasubiri hapo masaa tisa. Ile ziara ya bure tutajiandikisha wenyewe, kabla ya uhamiaji, kwa hiyo msituandalie gari wala mwongozaji. Dirishani safari hii nimemwekea mume wangu kiti mimi mwenyewe.

Majina yetu, nambari za tiketi na nambari ya akaunti ya kurejeshea fedha ziko kwenye ukurasa unaofuata.

Wenu,
Mteja, kwa niaba yangu na ya mume wangu