Gandalf asiitwe mchawi

Mhariri,

Lawama kwamba riwaya za kifantasia zinawafundisha watoto uchawi ni ya siku nyingi. Sisi wafasiri tunaweza kuikoleza kwa neno moja tu tulilolichagua vibaya.

Chukua The Lord of the Rings, riwaya ya safari ya kwenda kuiangamiza Pete ya uovu, iliyotoka mwaka 1954 na 1955. Mwandishi wake, J.R.R. Tolkien, alikuwa Mkatoliki wa dhati, na mwaka 1953 alimwandikia rafiki yake Mjesuiti kwamba kazi hiyo kwa msingi wake ni ya kidini na ya Kikatoliki. Hata hivyo humo ndani huoni kanisa wala padri. Imani ameitia kwenye vitu, kwenye vyeo na kwenye tarehe, na hapo ndipo mfasiri asiye mwangalifu huivunja bila kujua.

Gandalf, mzee anayewaongoza wasafiri hao, ndiye wa kwanza kuumia. Cheo chake kwa Kiingereza, "wizard", kinatokana na neno la hekima, lakini ukikipeleka kwenye kamusi unarudi na "mchawi". Kwa Mswahili mchawi ni mtu anayeroga na kuwanga usiku. Hana upande mwema. Gandalf ni mmoja wa watano waliotumwa kutoka ng'ambo ya bahari kuwapa watu moyo, wakakatazwa kuwatawala kwa nguvu. Tolkien mwenyewe alimweleza mwaka 1954 kuwa ni malaika aliyevaa mwili. "Majusi" lingependeza kwa Mkristo, maana Biblia ya Kiswahili ndivyo inavyowaita walioifuata nyota. Kwa Mwislamu, lakini, majusi ni mwabudu moto. Napendekeza "mwenye hekima", na watu wanapomwita, "Mzee Gandalf". Neno mchawi tumwekee yule malkia wa baridi wa Narnia katika kitabu cha C.S. Lewis cha mwaka 1950. Huyo linamstahili kabisa.

Halafu kuna lembas, mkate wa Waelfu, wale watu wasiozeeka wa riwaya hiyo. Usiuite biskuti! Umefungwa kwenye majani, na mmoja unamtosha msafiri kwa kutwa nzima ya kazi ngumu. Frodo, mbeba Pete, na mwenzake Sam wanapobaki nao peke yake ndani ya Mordor, nchi ya adui, tunaambiwa nguvu yake huzidi kadiri msafiri anavyoutegemea bila kuuchanganya na chakula kingine, na kwamba unalisha nia. Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na Pete, anamega pembe moja, anatafuna kidogo, anatema huku akikohoa: kwake ni vumbi na majivu. Wakatoliki humpa mtu anayekaribia kufa Ekaristi, nayo kwa Kilatini huitwa masurufu ya safari. Ukiandika "mkate wa njiani", msomaji aliyewahi kusikia habari za mkate wa uzima katika Yohana 6 ataunganisha mwenyewe. Ukiandika biskuti, atawaza chai.

Kuhusu Valar, roho kuu zinazoulinda ulimwengu wa Tolkien, lisitumike "miungu" kama jina lao la kawaida. Katika masimulizi ya uumbaji ya Tolkien yupo Eru mmoja tu, yaani Mungu Muumba, na Valar ni viumbe wake. Wanadamu wa hadithini ndio wanaowaita miungu, kwa hiyo neno hilo libaki vinywani mwao. "Wenye Enzi" linatosha.

Mwisho, viambatisho vya The Lord of the Rings. Mchapishaji anayetaka kupunguza kurasa huanza kukata huko, na huko ndiko ziliko tarehe. Frodo na wenzake wanaondoka Rivendell, makao ya Waelfu, tarehe 25 Desemba. Pete inaangamia tarehe 25 Machi. Tarehe 25 Machi ni sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, miezi 9 kabla ya Krismasi, na mapokeo ya kale ya Kikristo yaliiweka siku hiyo hiyo kuwa ya kusulubiwa kwa Yesu. Gondor nzima, ufalme wa wanadamu hadithini, inahamishia mwaka mpya wake siku hiyo. Mfasiri aanze kwa kusoma Kiambatisho B, chenye orodha ya tarehe hizo, aandike kila jina na kila tarehe kwenye daftari la istilahi, ndipo afungue sura ya kwanza.

Mfasiri,
Dar es Salaam