Shukrani kwa mzee aliyetupatanisha studioni

Shikamoo, mzee wetu. Kwa niaba ya wenzangu, nakushukuru kwa dhati kwa jioni ile uliyotukuta studioni, Mji Mkongwe, Zanzibar, tukijaribu kurekodi bila wimbo uliotungwa, mpiga udi wa taarab asilia, mpiga kinanda wa jazi na mghani wa Bongo Fleva wakifuatana kwa kusikilizana tu. Kwa saa 2 tulikuwa tumegongana, kwa kuwa udi ulishika maqamu (mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu) ya Bayati, ambayo sauti yake ya pili huangukia katikati ya vibao viwili vya kinanda, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyepotoka. Wewe, uliyekuwa umeketi mlangoni ukimsubiri mjukuu wako, uliomba ruhusa kwa upole, ukaushika udi na kutuonyesha maqamu nyingine, Nahawandi, iliyo karibu mno na skeli ya maina (ngazi ya sauti ya muziki wa Kizungu, “minor”) hata kinanda kikaweza kuifuata. Kisha ukaturudishia udi na kutuachia uamuzi wa nini cha kupiga, heshima ambayo sitaisahau. Uliondoka kabla hatujakuuliza jina. Kipande cha dakika 11 tulichorekodi usiku ule tumekutunzia, nawe karibu uje ukisikilize.