Somo la "all" na "any" lisisahau orodha tupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie somo la uandishi wa programu mlilolichapisha, ambalo lilimwelekeza msomaji namna ya kuchunguza kama vipengele vyote vya orodha vinatimiza sharti fulani. Mwandishi alitumia kitanzi, yaani amri zinazorudiwa kwa kila kipengele: unaanza na kibadilika (jina linalohifadhi thamani) chenye thamani ya kweli, unapitia vipengele kimoja kimoja, na ukikuta kilichoshindwa unakigeuza kibadilika kuwa si kweli na kutoka. Njia hiyo haina kosa, ila inamlazimu anayeusoma msimbo kuufuata hadi mstari wa mwisho ndipo atambue kwamba kilichokuwa kikiulizwa ni neno moja tu, "vyote?"

Lugha ya programu ya Python imekuwa na fanksheni mbili (amri zilizokwisha kutayarishwa) za kazi hiyo tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006: all, inayouliza kama vyote vimetimiza, na any, inayouliza kama kipo hata kimoja. Lugha nyingine ya programu, JavaScript, inaziita every na some, na Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, ina allMatch, anyMatch na noneMatch. Zote hukoma mara tu jibu linapojulikana, kwa hiyo any ikikuta faili mbovu ya tatu kati ya elfu kumi haisumbuki na zilizobaki. Lakini katika Python, anayeuzungushia ukaguzi wake mabano ya mraba ndani ya any hutengeneza kwanza orodha nzima ya majibu, na faili zote elfu kumi hukaguliwa kabla any haijaanza kazi. Akiyaondoa mabano hayo, ukaguzi hufanyika moja baada ya nyingine na kukoma panapostahili.

Jambo lililonisukuma kuandika, hata hivyo, ni orodha tupu, ambayo somo lile halikuigusa kabisa. Ukiipa all orodha isiyo na kitu, itajibu kweli. Niliwahi kuandika programu iliyofuta nakala za akiba za zamani endapo nakala zote mpya zimepita ukaguzi. Usiku mmoja hakuna nakala mpya hata moja iliyotengenezwa, all ikajibu kwamba zote zimepita, na za zamani zikafutwa. Nilikasirika na kuilaumu lugha, kumbe kosa lilikuwa langu. Anayetaka kupinga kauli kwamba zote zimepita hana budi kuonyesha moja iliyoshindwa, na katika orodha tupu hana cha kuonyesha. Isitoshe, ukiigawa orodha mafungu mawili, jibu la orodha nzima lazima liwe kweli pale tu majibu ya mafungu yote mawili ni kweli. Fungu moja likiwa tupu na kujibu si kweli, lingeharibu jibu la jingine bila sababu. Kwa mantiki hiyohiyo any hujibu si kweli kwa orodha tupu. Dawa ni kuuliza maswali mawili badala ya moja: je, orodha ina kitu, na je, vyote vilivyomo vimetimiza sharti? Kitanzi cha mwandishi wenu, kwa kuwa kinaanza na kweli, kina mtego huohuo, isipokuwa kwake umejificha zaidi.

Ukanushaji nao unahitaji uangalifu, na hapa lugha yetu yenyewe hutuponza. Mtu akisema "wote hawakufaulu", wapo watakaoelewa kwamba hakuna aliyefaulu, na wapo watakaoelewa kwamba baadhi walishindwa. Kompyuta haina utata huo. Kukanusha all ni kusema "si wote", yaani yupo angalau mmoja aliyeshindwa. Kukanusha any ni kusema "hakuna hata mmoja". Nimeona wanafunzi wakiweka moja mahali pa nyingine, na programu ikaendelea kujibu sawasawa kwa majaribio mengi hadi ilipokutana na orodha yenye waliofaulu na walioshindwa kwa pamoja.

Ninaomba basi toleo lijalo la somo hilo liirudie mifano yake kwa kutumia fanksheni hizi, na mfano wa kwanza kabisa uwe wa orodha isiyo na kitu.

Wako mtiifu,
Msomaji na mwandishi wa programu