Mstari wa "jina la baba" usimrudishe mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, nilimwona mama akitoka katika ofisi ya parokia na kichanga kifuani, huku anajifuta machozi. Alikwenda kumwandikisha mwanawe ubatizo, akaambiwa arudi atakapokuwa na la kuandika penye "jina la baba". Parokia siitaji, maana sitafuti kumwaibisha mtu. Ila kunyamaza nimeshindwa. Mstari ule naufahamu.

Nililelewa katika nyumba nne za ndugu wa mama. Kila nilikohamia nilipewa jina jipya la mwisho: nikawa wa mjomba, kisha wa babu, kisha wa mume wa mama mdogo. Mtu akiniuliza "kwenu wapi?" nilimtajia nyumba niliyolala jana yake. Hadi leo vyeti vyangu viwili vya shule vina majina yasiyolingana. Kuna fomu moja niliandika "marehemu", na wala sikujua kama baba amekufa au yu hai. Uongo ule uliniuma kuliko ningeacha wazi.

Nilianza mafundisho ya ukatekumeni, yaani ya kujiandaa kwa ubatizo, nikiwa na miaka 23. Siku ya kuandikishwa nilitaja jina la mama, nikanyamaza. Katekista, mzee mpole, hakuinua macho. Aliliandika, akashusha kalamu, akauliza, "Tarehe ya kuzaliwa?" Basi, yakaisha. Lilikuwa jambo la nukta chache, nami ninalo moyoni hadi leo.

Ukafika Mkesha wa Pasaka. Nikainama, maji yakamiminwa kichwani, nikasikia jina langu, na baada yake: "Nakubatiza kwa jina la Baba." Maneno hayo nilikwisha kuyasikia mara zisizohesabika, kwa kuwa ndiyo tunayoyatamka kila tunapofanya ishara ya msalaba. Usiku ule yaliniingia kama jibu la fomu zote nilizowahi kuziacha wazi. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Sisemi kwamba niliacha kujiuliza baba yangu ni nani. Bado najiuliza, hasa ninaponyoa ndevu na kuitazama sura hii kwenye kioo. Ila zamani swali hilo lilikuwa linanitoa nje ya kila nyumba. Sasa linanikuta niko ndani.

Na huko ndani kuna watu. Miezi michache baada ya ubatizo niliugua, nikakosa Jumapili mbili. Mjane mmoja tuliyezoea kukaa benchi moja, ambaye hata jina lake sikuwa nalijua, aliulizauliza mpaka akanipata. "Mwanangu," akasema, "mahali pako palikuwa patupu." Mimi nilikuwa na mahali!

Ndiyo maana naipenda sana barua ya Paulo kwa Filemoni. Ina aya 25 tu. Inamhusu Onesimo, mtumwa wa Filemoni, na katika sheria ya Roma mtumwa alikuwa mali ya mtu. Paulo, akiwa kifungoni, anamwita mwanawe aliyemzaa katika minyororo, na kama kuna deni anataka liandikwe juu yake yeye Paulo. Kisha fungueni barua kwa Wakolosai, sura ya 4: Onesimo anatajwa tena, safari hii kama ndugu mpendwa, "mtu wa kwenu". Kila nikifika hapo nasimama kidogo. Mtu wa kwenu!

Sasa nirudi kwa yule mama. Wanaokaa kwenye meza za ofisi wasome Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa Katoliki wa mwaka 1983. Kanuni ya 868 inataka ridhaa ya wazazi au walau mmoja wao, pamoja na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Kanuni ya 877 inamzungumzia waziwazi mtoto wa mama asiyeolewa: ubaba usipothibitishwa, mtoto huandikwa bila kutaja jina la baba. Sheria yenyewe imekwisha kuukubali mstari ulio wazi. Nani basi aliyempa karani ruhusa ya kuufanya mlango wa kufungia watu nje?

Huyo mama simfahamu. Kama barua hii itamfikia, namsihi arudi, aombe kuonana na paroko mwenyewe. Na kama hana msimamizi wa ubatizo wa mwanawe, mimi nipo. Mhariri anayo anwani yangu.

Msomaji wenu,
mbatizwa wa Mkesha wa Pasaka