Karamu ya Aranmula ni ya wapiga makasia

Mhariri,

Makala yenu kuhusu karamu za Kusini mwa India ilinifurahisha kwa kuitaja Aranmula, mji mdogo wa Kerala ulio ukingoni mwa mto Pampa, kwa kuwa si mara nyingi magazeti ya Kiswahili huzungumzia India nje ya Mumbai na Delhi. Hata hivyo, mwandishi wenu aliishia kwenye idadi ya vyakula 64 vinavyoandaliwa katika karamu iitwayo Vallasadya, na msomaji asiyepafahamu mahali hapo atadhani kwamba watu wa huko wanashindana nani atajaza jani la mgomba zaidi ya mwenzake. Naomba nafasi ya kueleza kwamba karamu ile ni ya wapiga makasia, na kwamba bila wao vyakula hivyo 64 havina cha kutuambia.

Vijiji vilivyo kando ya Pampa vina mashua zao ndefu ziitwazo palliyodam, ambazo kwa jumla ni takriban 50, na kila moja ni mali ya kijiji kizima wala si ya tajiri fulani. Zimeundwa kwa mbao za anjili, mti wa jamii moja na mfenesi, na shetri zake zimenyanyuliwa juu mno hata ukiziona kwa mbali unadhani ni nyoka aliyeinua mkia. Wenyewe wanaziheshimu kama vitu vitakatifu: hupandi na viatu, na kwa mila yao wanawake hawapandi kabisa, jambo ambalo mimi binafsi sioni kama lingewadhuru wakilitazama upya.

Inasimuliwa kwamba Mbrahmini mmoja alikuwa na desturi ya kumlisha mgeni kila sikukuu ya Onam, sikukuu ya mavuno ya Kerala, na mwaka mmoja mgeni hakutokea. Alipokuwa amekata tamaa akatokea kijana, akala, kisha akamwagiza kwamba tangu hapo chakula hicho akipeleke Aranmula, kwenye hekalu la Parthasarathy, yaani mungu Krishna wa Wahindu, aliyekuwa mwendesha gari la vita la shujaa Arjuna katika utenzi wa Mahabharata. Mpaka leo mashua iitwayo Thiruvonathoni huondoka Kattoor ikiwa na mchele na vitu vingine vya karamu, ikifika alfajiri ya siku ya Onam, na palliyodam hujihesabu kuwa walinzi wake, kwa sababu inasemekana zamani ilivamiwa njiani.

Vallasadya yenyewe hutolewa kati ya Julai na mwanzoni mwa Oktoba na familia yenye nadhiri, mara nyingi ya kuomba mtoto au afya, na familia hiyo ndiyo huchagua ni mashua gani wapiga makasia wake wataalikwa. Mimi nilifika kwa mwaliko wa mfanyakazi mwenzangu hapa Muscat, ambaye hupanga likizo yake iangukie msimu huo ili asikose nafasi kwenye mashua ya kwao. Sikuingia ndani ya hekalu, bali nilipewa nafasi kwenye ukumbi wa kulia, na nilishuhudia wenyeji wakiwapokea wapiga makasia kwa taa na tambuu kwenye ngazi 57 zinazoshuka kutoka hekaluni hadi mtoni. Siku hiyo mpiga makasia, awe mwalimu, karani au mkulima wa mpunga, huhesabiwa kuwa anamwakilisha Krishna mwenyewe.

Hapa ndipo makala yenu ilipopungukiwa. Vyakula vingi vinapakuliwa bila kuombwa: chumvi na achari pembeni mwa jani, dengu zilizomiminiwa samli, mboga zilizochanganywa na nazi ya kukuna, mchuzi wa tangawizi wenye sukari guru na ukwaju, chipsi za ndizi, papadi, na wali katikati. Vilivyobaki haviletwi mpaka viimbwe. Mmoja anaanza beti, wenzake wanaitikia kwa mahadhi yaleyale ya kupigia makasia, na ndani ya beti kuna ombi la kitu fulani kwa jina lake, kama vile mtindi wa Chenappady, ambao una beti yake na unaletwa kutoka kijiji hicho kwa ajili ya karamu. Mwenye karamu haruhusiwi kujibu kwamba hakuna. Nilimwona mpakuaji mmoja akirudi mbio na ndoo ya chuma huku beti ikikaribia kwisha, na mzee aliyeiimba akachota kidogo tu, akatabasamu, akaanza beti nyingine. Kwetu pwani mgeni mwenye adabu hula alichowekewa, na akisisitiziwa husema ameshiba; pale mgeni ndiye anayeamuru, na anaamuru kwa ushairi. Yote haya hayana nyama wala samaki, na aliyezoea tui la nazi, mbaazi na magimbi hatapata taabu yoyote ya kula.

Jambo la pili ambalo makala haikuligusa ni maji. Uchimbaji wa mchanga kwa miaka mingi umekishusha kitako cha mto Pampa, na mafuriko ya Agosti 2018 yaliingia mjini yakaharibu hata karakana za mafundi wa vioo vya kujitazamia vya Aranmula, ambavyo si vya glasi bali ni shaba na bati vilivyoyeyushwa kwa kipimo wanachokijua familia chache, vikamiminwa kwenye kalibu za udongo wa mashamba ya mpunga. Mashamba hayohayo ndiyo yaliyotakiwa yafukiwe ili kujenga uwanja wa ndege. Wenyeji walipinga, mshairi Sugathakumari akiwa mstari wa mbele, na mwaka 2014 mahakama ya taifa ya mazingira ikafuta kibali cha mradi huo. Nadhani habari hiyo ingestahili aya mbili katika ukurasa wenu wa vyakula kuliko orodha ya majina 64 ambayo hakuna atakayeyakumbuka.

Iwapo mtamtuma mwandishi mwakani, mshaurini asiende siku ya Ashtami Rohini, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, ambapo maelfu hulishwa kwa pamoja na beti hazisikiki vizuri, bali achague siku ya kawaida yenye mashua moja au mbili, akae karibu na mzee anayeanzisha nyimbo.

Msomaji wenu,
Ruwi, Muscat