Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Nieman: mwandishi wa wilayani arudi wapi?

Kwa wasimamizi wa Nieman Foundation,
Chuo Kikuu cha Harvard, Cambridge, Massachusetts.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kigoma. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofanyia kazi, na nawaandikia hadharani kwa sababu wenzangu wengi wanalo neno hili hili moyoni kuhusu mwaka wa masomo mnaowapa waandishi wa habari.

Mazuri niyaseme kwanza, maana yapo. Agnes Wahl Nieman aliacha urithi kwa kumbukumbu ya mumewe, Lucius, mwanzilishi wa gazeti la Milwaukee Journal, na tangu 1938 urithi huo umewatoa waandishi kwenye purukushani za chumba cha habari na kuwapa mwaka wa masomo wasome wanachotaka, bila kuhangaikia shahada. Mwenza wa mwandishi naye mnamkaribisha darasani, jambo ambalo huku hata mwajiri mwenye roho nzuri halimpitii akilini. Na karibu nusu ya mnaowachukua hutoka nje ya Marekani. Nawashukuru kwa dhati.

Shida yangu ni kwamba utaratibu wenu unamfaa mwandishi mwenye ajira: mtu anayeomba ruhusa kazini, anaandikiwa barua na mhariri wake, anaondoka, na mwaka ukiisha anarudi mezani kwake. Waandishi hao wapo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na wanastahili. Lakini habari nyingi za vijijini kwetu haziandikwi na wao. Zinaandikwa na mwandishi wa kujitegemea aliyeko wilayani, ambaye hulipwa habari ikitoka. Isipotoka, nauli ya bodaboda ndiyo imekwenda hivyo. Hana mkataba, hana bima, na mhariri wake pengine anamjua kwa sauti ya simu tu.

Mnaomba mwombaji awe na miaka 5 ya kazi. Huyu anaweza kuwa na 15. Anakwama kwenye sampuli za kazi. Habari ya mnada wa ng'ombe au ziara ya mkuu wa wilaya inatoka na jina lake kamili. Ile nzito, ya ardhi iliyoporwa au dawa zilizoyeyuka kwenye zahanati, inatoka "Na Mwandishi Wetu, Kigoma". Mhariri analificha jina kwa makusudi, na anafanya vyema, kwani mwandishi huyo ananunua dagaa soko moja na watu aliowaandika. Siku ya kuleta maombi kwenu, kazi zake bora kabisa ndizo asizoweza kuthibitisha kuwa ni zake. Anabaki na mnada wa ng'ombe. Nani atamchagua kwa hiyo?

Msidhani tunaficha majina kwa woga wa bure. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi huko Kibiti, mkoa wa Pwani, akiandika juu ya mauaji yaliyokuwa yakitokea eneo lile. Alitoweka Novemba 2017, na mpaka leo hatujui yuko wapi. Alikuwa mwandishi wa aina ninayoisema hapa, wa wilayani, asiye na kiti katika ofisi yoyote.

Kwa hiyo naomba mkubali uthibitisho wa siri: mhariri aandike moja kwa moja kwenu, aseme habari hii na hii iliyotoka bila jina ni ya fulani, na barua hiyo isionwe na mwingine. Mnajua kulinda vyanzo vya habari. Mlindeni mwombaji kwa namna hiyo hiyo.

La pili ni la kurudi, na hili ndilo linalonikosesha raha zaidi. Mwaka 1964 mwandishi wa habari Nat Nakasa wa Afrika Kusini alipata nafasi kwenu. Serikali ya makaburu ilimnyima pasipoti, ikampa kibali cha kutoka bila ruhusa ya kurejea. Alisoma mwaka wake Harvard. Julai 1965, masomo yakiwa yamekwisha na nyumbani hakurudiki, alianguka kutoka ghorofani huko New York akafa, akiwa na miaka 28. Mabaki yake yalirudishwa Durban mwaka 2014.

Sisemi Harvard ndiyo iliyomuua. Aliyemfungia mlango anajulikana. Ninachosema ni kwamba mwaka wa masomo una tarehe ya mwisho, na mwandishi asiye na ajira anaiona tarehe hiyo tangu siku anapofika. Wateja wake watakuwa wamepata mtu mwingine wa kuwatumia habari. Pengine kuna watu wilayani wanaosubiri arudi, na si kwa heri.

Tengeni fungu la miezi 6 baada ya masomo kwa wasio na mwajiri, walipwe wakiwa wanafanya kazi nyumbani. Zungumzeni na chombo kimoja cha habari cha nchi yake kabla hajapanda ndege, kikubali kumpokea. Na kwa yule ambaye hatari yake inajulikana, mkae naye mapema, mwaka ukiwa bado mbichi, mpange aende wapi endapo nyumbani hapatakalika.

Nasubiri jibu lenu. Likija kwa Kiingereza nitalisoma, na nitawasomea wenzangu.

Wenu katika kazi,
Mwandishi wa kujitegemea, Kigoma