YAH: MALALAMIKO KUHUSU SETI ZA BOLTI ZA M20 GREDI 10.9 ZENYE WASHA LAINI NA NATI ZISIZOLINGANA

Vingunguti, Dar es Salaam
16 Juni 2025

Ndugu Meneja Mauzo,

Tarehe 2 Juni nilinunua kwenu seti 240 za bolti za M20 (unene wa milimita 20), gredi 10.9 (daraja la nguvu ya chuma chake), kwa ghala tunalojenga Kibaha. Oda yangu ilisema wazi: bolti, nati na washa ngumu (pete za chuma zinazokaa chini ya nati), vyote vya mtengenezaji mmoja. Ankara yenu nayo imeandika seti. Bolti zenyewe sina neno nazo, kichwani zimepigwa 10.9. Lakini washa hazina alama yoyote, na ndani ya maboksi manne nati zimepigwa 8, daraja dhaifu zaidi, badala ya 10.

Tuligundua tukiwa tumeshafunga fremu tatu, bolti 72. Kijana wangu alikuwa juu anamalizia kukaza kwa spana ya kupimia, akaniita: "Fundi, hii inazunguka tu, haifiki." Nikapanda mwenyewe. Washa ilikuwa imebonyea kama kisosi, ukingo umeinuka, nati imejichimbia katikati. Hata zile ambazo spana ilisoma vizuri jioni, asubuhi tulizikuta nyingine zimelegea.

Kwenye simu mhudumu wenu aliniambia washa ni washa tu. Si kweli hata kidogo. Bolti hii ikikazwa sawasawa hubana pleti kwa kilonyutoni 172, yaani zaidi ya tani 17 kwa bolti moja, na mbano huo ndio unaozuia pleti zisiteleze pale kreni ya ndani ya ghala inapobeba mzigo na kutikisa fremu. Washa ndiyo inayopokea nguvu hiyo yote huku nati ikiisugua. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha bolti za kukazwa hivi, EN 14399, kinataka washa zenye ugumu wa 300 hadi 370 kwa kipimo cha Vickers. Ikiwa laini inabonyea, na mbano unaondoka nayo.

Nati ya 8 inanitisha zaidi. Bolti ya 10.9 hupewa nati ya 10 ili nguvu ikizidi ikatike bolti, maana iliyokatika inaonekana. Nati dhaifu hunyofoka meno ndani kwa ndani. Ukiitazama kutoka chini iko mahali pake, kumbe haishiki kitu.

Bolti iliyokwisha kukazwa kufikia mbano wake kamili, ukiifungua, hairudishwi tena kazini. Kwa hiyo zote 72 nimezitoa na kuzitupa kwa sababu ya washa. Kreni ya kukodi imekaa siku mbili bure, na mhandisi mshauri amesimamisha kazi mpaka aone vyeti.

Naomba ndani ya siku 7 mnibadilishie seti zote 240, zikiwa kwenye maboksi ya mtengenezaji ambayo hayajafunguliwa, pamoja na cheti ambacho namba yake inalingana na ya kwenye boksi. Naomba pia mnilipe gharama za kreni, risiti nimeambatanisha. Nimewawekea na washa mbili, moja iliyobonyea na moja ambayo haijatumika, mzipime ugumu wenyewe.

Siku ile niliona maboksi kama haya mengi dukani kwenu. Tafadhali wapigieni simu wote waliokwisha kuyanunua, kabla hawajapandisha mabati.

Wenu,
Fundi mkuu na mmiliki wa karakana